Kumwagilia Mimea ya Ndani kwa Kihisi Unyevu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Dukani Hadi Siku ya Kusafiri

Desemba moja nilikwenda Arua kwa wiki mbili, nikamwachia jirani yangu ufunguo wa nyumba na vyungu sita vya maua. Ni mama mtu mzima, mwenye huruma kwa kila kinachoota. Niliporudi Nsambya, mtaa ninaoishi Kampala, alinipokea mlangoni: "Mwanangu, nimeinywesha kila asubuhi, sikukosa hata siku moja." Nilimshukuru kwa moyo wote, kwa sababu alifanya kile hasa nilichomwomba. Lakini vyungu vinne vilikuwa vinanuka. Nilipoinua spathiphyllum, lile lenye ua jeupe kama tanga la jahazi, mizizi ilikatika mkononi kama uzi uliooza.

Mama yule alikuwa ameyaona majani yamelegea akadhani ni kiu, ndiyo maana akazidi kutia maji. Yeyote angedanganyika. Mizizi inahitaji hewa iliyomo katika vitundu vya udongo. Vitundu vikijaa maji siku baada ya siku, mizizi inakosa pumzi, inaoza, na mmea unashindwa kunywa hata ukiwa umesimama kwenye tope. Majani yanalegea kwa kuzama sawasawa na yanavyolegea kwa kiu.

Kwa hiyo mfumo ninaoueleza hapa, wa kihisi kinachopima unyevu wa udongo na pampu ndogo inayomwagilia udongo ukikauka, nimeujenga juu ya sharti moja: chochote kikiharibika, pampu isimame. Waya ukikatika, mtoto aking'oa kihisi, umeme ukikatika na kurudi usiku, jibu la mtambo liwe ni kutomwagilia. Mimea mingi ya ndani huvumilia siku chache za ukavu na kuinuka tena. Mizizi iliyooza haifufuki. Miongozo mingi niliyoisoma inakufundisha jinsi ya kuwasha pampu. Mimi nataka ujue zaidi jinsi ya kuizuia.

Mmea gani unahitaji mtambo huu

Usifunge pampu kwenye shubiri, dungusi kakati wala sansevieria, ile yenye majani marefu yaliyosimama kama panga. Hiyo ni mimea inayohifadhi maji katika majani au shina, na safari ya wiki mbili haiisumbui. Iache tu. Mtambo unaifaa mimea yenye kiu ya mara kwa mara: spathiphyllum, jimbi za ndani, mnanaa na mrehani wa dirishani, pothosi iliyo karibu na dirisha lenye jua. Ukibahatika kuwa na ua la Usambara, lile dogo la zambarau ambalo asili yake ni milima ya Tanzania na Kenya, nalo linafaa sana, ila mdomo wa mpira uelekezwe kwenye udongo pembeni mwa chungu, kamwe usilowanishe majani wala kitovu cha mmea.

Anza na chungu kimoja. Chungu kiwe na tundu chini na kisahani chake. Chungu kisicho na tundu hakuna kihisi kitakachokiokoa.

Vitu vya kununua

Kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki utaonyeshwa aina mbili za vihisi, ambavyo wauzaji wengi huviita sensa. Ya kwanza ina meno mawili ya chuma kama uma. Hiyo hupima jinsi umeme unavyopita katika udongo kutoka jino moja hadi jingine. Usiichukue, hata ukiambiwa ni rahisi. Umeme unapopita kwenye chuma kilicholowa, chuma huliwa, na baada ya muda mfupi namba zake hazina maana tena. Isitoshe, chumvi za mbolea hupitisha umeme, kwa hiyo udongo uliotiwa mbolea utaonekana umelowa kuliko ulivyo.

Ya pili ni bapa, nyeusi, haina chuma kilicho wazi. Hii hupima uwezo wa udongo kuhifadhi chaji, na maji huubadilisha uwezo huo kwa kiasi kikubwa. Kwa kuwa shaba yake imefunikwa, haili kutu haraka. Chukua hii.

Pamoja nayo nunua bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo itakayoendesha programu), rilei moja ya volti 5 (swichi ambayo bodi huiwasha na kuizima), pampu ndogo ya kuzamishwa ya volti 3 hadi 6, mita moja au mbili za mpira mwembamba unaoingia kwenye mdomo wa pampu, swichi ya kuelea (itakayotambua kama mtungi una maji), dayodi ya 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu), rezista ya megaohmu 1 (kizuizi cha umeme), na nyaya za kuchomeka. Chaja mbili za simu za volti 5 huenda tayari unazo kwenye droo. Zichukue zile za kizamani zenye tundu bapa la USB. Chaja mpya zenye tundu la USB-C mara nyingi hazitoi umeme mpaka zitambue kifaa kilichochomekwa, na pampu haiwezi kujitambulisha.

Kukivika kihisi

Hapa wengi wanaruka, na baada ya miezi miwili wanalaumu kifaa. Sehemu ya juu ya kihisi cheusi ina vijisehemu vya elektroniki vilivyo wazi kabisa, na kingo za ubao, pale ulipokatwa kiwandani, hunyonya maji kama ubao wa mbao. Paka kingo zote rangi ya kucha isiyo na rangi, mikono miwili au mitatu, ukiacha kila mkono ukauke. Vijisehemu vya juu vipake vilevile, au vivike mpira unaosinyaa kwa joto. Kwenye ubao kuna mstari. Udongo usiuvuke mstari huo kamwe.

Kuna ugonjwa mwingine katika baadhi ya vihisi hivi vya bei nafuu. Ndani yake kuna rezista ya megaohmu 1 ambayo kazi yake ni kushusha umeme uliobaki ili namba ibadilike haraka udongo unapolowa. Katika vihisi vingine rezista hiyo haikuunganishwa na ardhi ya umeme, kwa hiyo namba huteremka polepole mno: unatumbukiza kihisi majini na kinaendelea kusema pakavu. Hebu fikiria pampu inavyofanya muda wote huo. Dawa yake ni ile rezista uliyonunua, ambayo utaiweka kwenye bodi kati ya A0 (mguu unaosoma kihisi) na GND (ardhi ya umeme). Nayo inatibu jambo la pili: waya wa kihisi ukichomoka, rezista inaivuta namba hadi karibu na sifuri. Katika vihisi hivi namba ndogo maana yake ni maji tele, hivyo pampu haiwaki.

Kuunganisha nyaya

Fanya kazi hii chaja zote zikiwa zimechomolewa ukutani. Herufi kama VCC, COM na NO utazikuta zimeandikwa kwenye vifaa vyenyewe.

1. Kihisi: VCC kwenda 5V ya bodi, GND kwenda GND, AOUT kwenda A0. Rezista ya megaohmu 1 kati ya A0 na GND.
2. Rilei: VCC kwenda 5V, GND kwenda GND, IN kwenda namba 8.
3. Swichi ya kuelea: waya mmoja kwenda namba 2, mwingine GND. Iwe inafunga mzunguko maji yakiwapo na kuufungua yakiisha. Zingine zinageuzwa kwa kuchomoa kiboya na kukirudisha juu chini.
4. Chaja ya kwanza ni ya bodi. Kata kebo ya chaja ya pili. Ndani kuna nyaya nyekundu na nyeusi. Hizo ndizo za umeme. Nyekundu iingie COM ya rilei. Kutoka NO ya rilei nenda kwenye waya mwekundu wa pampu. Waya mweusi wa pampu urudi kwenye mweusi wa chaja.
5. Dayodi iwekwe sambamba na pampu, upande wenye mstari ukielekea waya mwekundu. Pampu inapozimwa hurudisha mshtuko wa umeme, na dayodi huumeza kabla haujachoma midomo ya rilei.

Zingatia sana kuwa ni NO (mdomo usioungana mpaka rilei iwashwe), si NC (ulioungana mpaka rilei iwashwe). Kwenye NO, rilei ikifa pampu imelala. Kwenye NC, rilei ikifa pampu inamwaga mpaka mtungi ukauke.

Mtu atauliza kwa nini pampu isichomekwe moja kwa moja kwenye bodi. Kila mguu wa Uno umeundwa kutoa takriban miliampea 20, na pampu hizi huhitaji zaidi ya 100, na zaidi tena zinapoanza kuzunguka. Utaiua bodi. Hata kutumia chaja moja kwa vyote viwili huleta taabu: pampu ikiwaka volti inashuka kidogo na bodi inajizima na kuanza upya. Chaja mbili zinamaliza tatizo.

Kama hujawahi kulehemu kwa risasi, peleka kazi kwa fundi simu wa mtaani kwako. Kwake ni jambo la dakika chache.

Mtungi na mpira

Umewahi kuona mtu akinyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi? Mafuta yakishaanza kuteremka, yanaendelea yenyewe bila kunyonywa tena. Maji nayo ni hivyo. Mtungi ukiwa juu ya kabati na chungu kikiwa chini, pampu itazimika lakini maji yataendelea kutiririka hadi sakafuni. Programu yako inaweza kuwa sahihi kwa kila herufi na bado ukarudi nyumbani kukuta zulia linaelea. Weka mtungi chini, na mdomo wa mpira uwe juu kuliko maji ya mtungi hata ukiwa umejaa. Nafasi ikikubana, toboa tundu dogo kwenye mpira, mahali pa juu kabisa ndani ya mtungi, juu ya maji, ili hewa iingie pampu inapozima.

Mtungi uwe mdogo. Najua hamu ya kuweka jerikeni ya lita 20 ili usiwaze tena. Lakini rilei inaweza kuungua ikiwa imeshikana, na hapo kinga pekee iliyobaki ni kiasi cha maji kilichomo. Kwa chungu kimoja mimi natumia lita 2.

Mtungi uwe na kifuniko kinachobana, chenye tundu la kutosha mpira na waya tu, na uwazi uliobaki uzibe kwa kitambaa au sponji. Hatuishi mahali pa kuacha maji wazi ndani ya nyumba. Mbu hukua kutoka yai hadi kuruka kwa takriban wiki moja hadi mbili, ambao ndio muda wenyewe wa safari. Na usitumie chupa inayopitisha mwanga, kwa sababu mwani wa kijani utaota na kuziba pampu.

Chaja ziwe juu ya usawa wa maji, mbali na chungu. Kebo yake iteremke chini kidogo kuliko soketi kisha ipande, ili tone likiifuata lidondoke pale chini kabla ya kufika kwenye umeme wa volti 240.

Kukijua kihisi chako

Usinakili namba zangu. Kila kihisi kina tabia yake na kila udongo una wake: udongo mwekundu wa Kampala uliochanganywa na maganda ya kahawa hausomeki kama mbolea tupu ya mfukoni. Kwanza ipakie bodini programu iliyo hapa chini, chaja ya pampu ikiwa imechomolewa, kwa kutumia kompyuta na programu ya Arduino IDE; namba utazisoma kwenye dirisha lake la Serial Monitor. Namba hutoka kati ya 0 na 1023, na kumbuka: kubwa ni ukavu, ndogo ni maji.

Andika namba nne kwenye daftari. Ya kwanza, kihisi kikiwa hewani, kikavu. Changu husema 605. Ya pili, kikiwa ndani ya glasi ya maji hadi kwenye mstari: 275. Kisha kichomeke kwenye chungu, katikati ya shina na ukingo, kikiwa wima, mbali na pale maji yanapodondokea. Kikiwa chini ya mdomo wa mpira kitalowa kwanza na kudanganya kuwa chungu kizima kimeshiba. Bana udongo vizuri kando yake, maana hewa kati ya kihisi na udongo husomeka kama ukavu.

Sasa mwagilia kwa mkono hadi maji yatoke chini, ngoja saa mbili, usome: 330. Hiyo ndiyo shibe. Baada ya hapo usimwagilie. Soma kila asubuhi na kila asubuhi chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Siku kidole kitakapotoka kikavu, bila majani kulegea, namba ya siku hiyo ndiyo mpaka wa kiu. Kwangu ilikuwa siku ya sita, 470. Hatua hii inaweza kula wiki nzima na hakuna njia ya mkato. Kidole chako ndicho mwalimu wa kihisi.

Programu

Hii naiandika kwa majina ya Kiswahili ili kila mtu nyumbani aweze kuifuata.

```
const int KIHISI = A0;
const int KUELEA = 2;
const int RILEI = 8;
const int KIU = 470;
const int HEWANI = 590;
const int KOSA = 200;
const unsigned long DOZI = 4000UL;
const unsigned long SUBIRI = 1200000UL;
const unsigned long SIKU = 86400000UL;
const int MWISHO = 4;

int dozi = 0;
unsigned long mwanzo = 0;

int soma() {
  long jumla = 0;
  for (int i = 0; i < 10; i++) {
    jumla += analogRead(KIHISI);
    delay(100);
  }
  return jumla / 10;
}

void setup() {
  digitalWrite(RILEI, HIGH);
  pinMode(RILEI, OUTPUT);
  pinMode(KUELEA, INPUT_PULLUP);
  Serial.begin(9600);
}

void loop() {
  Serial.println(soma());
  delay(SUBIRI);
  if (millis() - mwanzo >= SIKU) {
    mwanzo += SIKU;
    dozi = 0;
  }
  int unyevu = soma();
  if (unyevu > HEWANI || unyevu < KOSA) return;
  if (digitalRead(KUELEA) == HIGH) return;
  if (unyevu > KIU && dozi < MWISHO) {
    digitalWrite(RILEI, LOW);
    delay(DOZI);
    digitalWrite(RILEI, HIGH);
    dozi++;
  }
}
```

Nieleze mistari inayolinda. HEWANI nimeiweka chini kidogo ya namba ya hewani, 590 badala ya 605. Kihisi kikisoma juu ya hapo, hakimo ndani ya udongo: paka amekiangusha au mtoto amekivuta. Bila mstari huo mtambo ungeona ukavu mkubwa na kumwaga.

SUBIRI ni dakika 20. Maji huchukua muda kuzama na kufika kwenye kihisi. Ukipima mara tu baada ya pampu kuzima utaona bado pakavu, utaongeza, na utaongeza tena. Na kwa kuwa kusubiri kunatangulia, umeme ukikatika na kurudi mara tano usiku mmoja, kila kurudi kunaanza na dakika 20 za kutulia kabla ya tone lolote.

MWISHO ni dozi 4 kwa siku, basi. Swichi ya kuelea ikikosa maji, au waya wake ukikatika, mguu wa namba 2 unasoma HIGH na pampu haiwaki. Pampu hizi hupozwa na maji yenyewe na huungua zikizunguka bila maji. Rilei nyingi za aina hii huwaka kwa LOW, ndiyo maana HIGH imeandikwa kabla ya pinMode, la sivyo pampu itakohoa kila bodi inapoanza. Yako ikiwaka kwa HIGH, geuza maneno hayo mawili popote RILEI inapoandikwa.

Sekunde 4 za DOZI zimetoka kwenye kipimo, nawe pima. Elekeza mpira kwenye chupa ya soda ya nusu lita, mpira ukiwa kwenye urefu uleule utakaotumika, washa pampu sekunde 10, uone imejaza kiasi gani. Kwa chungu cha upana wa sentimita 15 natafuta takriban mililita 100 kwa dozi. Kidogo mara kadhaa ni salama kuliko kingi mara moja.

Wiki ya majaribio

Usisafiri siku uliyomaliza kufunga. Weka chungu ndani ya beseni, acha mtambo ufanye kazi siku saba ukiwa nyumbani, kisha ujaribu kuuharibu makusudi. Ng'oa kihisi: pampu isiwake. Chomoa waya wa A0: isiwake. Mwaga maji ya mtungi: isiwake. Chomoa chaja na kurudisha mara kadhaa. Ili usingoje dakika 20 kila mara, teremsha SUBIRI iwe 10000 wakati wa majaribio, na ukumbuke kuirudisha.

Tia alama ya kalamu kwenye mtungi kila asubuhi. Alama hizo zitakuambia mmea unakunywa kiasi gani kwa wiki, na kutokana nazo utajua kama lita 2 zinatosha. Jua la Januari linakausha chungu haraka kuliko mvua za Aprili, kwa hiyo pima katika msimu utakaosafiri. Ukitaka kutegemea benki ya umeme (power bank) wakati wa mgao, ijaribu kwanza: nyingi hujizima zikiona kinachochomekwa kinatumia umeme mdogo, na bodi hii hutumia mdogo sana.

Ukitaka kuongeza vyungu, kila kimoja kipewe kihisi, rilei na pampu yake. Kugawa mpira mmoja kwa viungo vya T hakugawi maji sawa. Chungu cha karibu kinazama na cha mbali kinakauka. Uno ina miguu sita ya kusoma vihisi, inatosha sebule ya kawaida.

Kila baada ya miezi mitatu toa kihisi, kifute kwa kitambaa chenye maji, kagua ile rangi ya kucha, na urudie namba za hewani na za majini. Zikiwa zimesogea sana, maji yameingia ubaoni, nunua kingine. Ukibadilisha udongo, rudia zoezi la kidole tangu mwanzo.

Jirani yangu bado ana ufunguo. Safari hii namwomba kitu kimoja: apite mara moja kwa wiki, aangalie kisahani, na akikuta maji yamesimama humo achomoe ile chaja niliyoifunga utepe mwekundu.